Muuguzi mpya aliyechoka: alale, ajinoe, aende likizo, ahame wodi, amwone mshauri au aache kazi?

Anayeanza kazi wodini akisema amechoka, jibu analopewa mara nyingi ni moja: vumilia, utazoea. Wapo wanaomwambia achukue likizo, wengine ahame wodi, na ndugu zake nyumbani wanaweza kumwambia aache kabla hajaugua. Kila ushauri kati ya huo unaweza kuwa sahihi, ila kwa uchovu wa aina yake. Likizo haitengenezi rosta (ratiba ya zamu) iliyo mbovu. Usingizi hautibu hofu ya mtu asiyejua afanye nini mama akianza kutokwa damu. Na kuhama wodi hakumsaidii mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), maana atahama nayo.

Hapa tunalinganisha njia sita. Sheria za kazi na utaratibu wa usajili tunaoutaja ni wa Tanzania Bara. Mengine yanamhusu muuguzi popote alipo.

Kwanza, uchovu upi?

Uchovu wa mwili humalizwa na mapumziko. Ukilala vizuri siku zako mbili za ofu (mapumziko), ukaamka na nguvu na ukaweza kucheka na watu wa nyumbani, tatizo lako lipo kwenye usingizi na ratiba.

Uchovu sugu wa kazi ni kitu kingine. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linauhesabu kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linautambua kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kujiona huifanyi tena ipasavyo. Kwa muuguzi, ya kuangalia sana ni ya pili. Akianza kukawia makusudi kwenda kitanda anachokaa mgonjwa anayelia, au akisikia mgonjwa amefariki akawaza tu kwamba kazi imepungua, hajawa mtu mbaya. Huruma yake imetumika bila kujazwa, na ni wakati wa kuchukua hatua.

Sonona haibaki kazini. Inakufuata kwenye harusi ya dada yako, kanisani au msikitini, na kwenye chakula unachokipenda. Dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na jumla yake ni kati ya 0 na 27. Alama 10 na zaidi zinatosha kukupeleka kwa mtaalamu. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu lolote zaidi ya "hapana", usingoje jumla.

Kabla ya kuamua lolote kati ya hayo, pima damu. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, ni upungufu wa damu, nao huleta uchovu unaofanana kabisa na wa kazi. Pima malaria, na ujauzito kama unawezekana. Inasikitisha kwamba mtu anayepima wengine kutwa nzima anaweza kumaliza mwaka bila kujipima mwenyewe.

Njia sita kwa kifupi

| Njia | Chanzo inachokifaa | Haisaidii kitu kama |
|---|---|---|
| Kupanga usingizi na zamu | Usiku mfululizo, kurudi kazini haraka, safari ndefu | Unalala vya kutosha na bado unaichukia kazi |
| Kujinoa | Hofu ya kutojua, kutetemeka dharura ikija | Unajua kazi ila wagonjwa ni 40 na wewe ni mmoja |
| Likizo | Deni la usingizi la miezi, msiba, mwili uliochakaa | Unarudi kwenye rosta ileile |
| Kuhama wodi | Aina ya wagonjwa au watu wa wodi hiyo | Una chini ya miezi mitatu popote |
| Mshauri au daktari | Sonona, kumbukumbu zinazorudi, pombe au dawa | Shida pekee ni usingizi |
| Kuacha | Mahali penyewe hapatibiki | Hujajaribu nyingine hata moja |

Usingizi na zamu

Tunaiweka njia hii ya kwanza kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu bila usingizi huwezi kujua kama zile nyingine zinahitajika. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Kwa muuguzi aliyeamka saa 5 asubuhi akaingia zamu ya usiku, saa hizo 17 zinatimia saa 10 alfajiri, muda ambao mwili wenyewe unadai kulala na dawa za asubuhi zinakaribia kuandaliwa.

Zamu za saa 8 na za saa 12 zina wapenzi na wapinzani wake. Mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam anayetumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, akifanya zamu tano za saa 8, anapoteza saa 20 barabarani kwa wiki. Akifanya tatu za saa 12 anapoteza 12. Saa 8 anazookoa ni usiku mzima wa kulala. Lakini siku anazofanya kazi zinageuka za saa 16 mlango kwa mlango, zikimwachia 8 za kuoga, kula, kuongea na watoto na kulala. Kwa hiyo anayeishi mbali na mwenye siku za ofu za kweli anafaidika na saa 12. Mwenye mtoto mchanga au anayeishi karibu na hospitali anafaa zaidi saa 8. Tahadhari ni moja: zamu ya saa 12 isivuke hapo. Uchunguzi wa wauguzi 393 nchini Marekani, uliochapishwa 2004, ulikuta uwezekano wa kukosea ni mara tatu zaidi zamu ikifika saa 12 na nusu. Ile nusu saa ya kumsubiri anayekupokea, kila siku, si jambo dogo.

Usiku mfululizo nao huongeza hatari kila unapoongezwa. Majumuisho ya tafiti za ajali kazini yaliyochapishwa 2003 yalionyesha hatari ya usiku wa nne kuwa juu kwa karibu asilimia 36 kuliko usiku wa kwanza. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya usiku saba kwa mkupuo na usiku mbili au tatu kisha ofu, chagua mbili au tatu. Na mzunguko uende mbele: asubuhi, alasiri, usiku. Ukirudi nyuma, mwili unalazimishwa kulala kabla ya wakati wake, na hilo ni gumu kuliko kuchelewa kulala.

Usiku wenyewe upangwe hivi. Kabla ya usiku wa kwanza, lala dakika 90 kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Kahawa au chai ya rangi inywe kabla ya saa 6 usiku. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri kinakungoja kitandani saa 3 asubuhi. Kama wodi inaruhusu kupokezana mapumziko, sinzia dakika 20 hadi 30, usizidishe. Ukilala saa nzima ukaamshwa ghafla unaamka mzito, na dakika za mwanzo huwezi kuaminika na sindano. Ukitoka, jikinge na jua kwa miwani au kanga, kula kidogo, uwe kitandani kabla ya saa 3 asubuhi. Dirisha lizibwe kwa kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili. Baada ya usiku wa mwisho lala hadi saa 6 mchana tu, kisha ujikaze mpaka jioni, vinginevyo ofu yote itapita ukiwa macho usiku na mzito mchana.

Kinachovuruga mpango huu mara nyingi ni nyumba. Kwa macho ya wengi, mtu aliyepo nyumbani mchana hana kazi: atumwe sokoni, apokee wageni, ampeleke mtoto zahanati. Kaeni chini na familia kabla rosta haijaanza, muwaonyeshe siku zako za usiku kwenye kalenda ya ukutani, na mkubaliane ni nani anayefungua mlango.

Sehemu ya pili ni rosta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na dakika 60 za kupumzika kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zipo nafasi za kuyalegeza haya kwa makubaliano ya maandishi na wakati wa dharura, lakini hicho ndicho kipimo. Sasa tazama mpangilio uliozoeleka: unatoka alasiri saa 2 usiku, unaingia asubuhi saa 1:30. Hiyo ni saa 11 na nusu, kabla hujatoa safari.

Ukienda kwa incharge (msimamizi wa wodi), usiende kusema "nimechoka". Nenda na rosta ya mwezi uliopita mkononi, na ombi moja lenye jibu la ndiyo au hapana: "Shikamoo sista. Naomba dakika tano. Mwezi uliopita mara nne nimetoka alasiri nikaingia asubuhi yake. Naomba mwezi ujao baada ya alasiri niwekwe alasiri nyingine au usiku. Wa kubadilishana naye ninaye, amekubali." Incharge mwenye upungufu wa watu hana uwezo wa kukupunguzia wagonjwa, lakini mpangilio wa siku uko mikononi mwake. Akikataa bila sababu, ngazi inayofuata ni matroni au patroni (mkuu wa wauguzi wa hospitali), kisha ofisi ya utumishi na tawi la chama cha wafanyakazi. Andika tarehe za kila mazungumzo.

Kujinoa

Sehemu kubwa ya msongo wa miezi ya kwanza ni hofu ya kumuua mtu kwa kutojua. Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliuandikia kitabu kizima mwaka 1974 mshtuko huu wa kutoka darasani na kukuta wodi haifanani na ulichofundishwa. Ushauri wa kupumzika haufiki hapo. Mtu anayeogopa leba hapumziki hata akiwa likizo. Anahesabu siku zilizobaki.

Ushahidi mzuri wa dawa ya hofu hii umetoka hapahapa nchini, Hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Wahudumu walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri. Kwa watoto halisi hakukuwa na badiliko kubwa. Ndipo yakaletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache, wodini penyewe, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Kwa muuguzi mpya somo ni la moja kwa moja. Kati ya semina ya siku mbili na dakika tano kila zamu, chukua dakika tano. Andika mambo matatu unayoyaogopa kuliko yote. Kwa wengi ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto asiyepumua, na kupata mshipa kwa mtoto aliyekaukiwa maji. Kwa kila moja, jua vifaa vilipo ukiwa umefumba macho: ambu ya watoto (mfuko wa kusukumia hewa) ipo droo gani, oksitosini (dawa ya kuzuia mama asivuje damu) ipo kwenye friji gani, funguo anazo nani usiku. Mwanzo wa zamu, fungua, gusa, kagua kama inafanya kazi. Kisha mwombe mzoefu mmoja akuone ukifanya, akusahihishe palepale. Usimchague mwenye vyeo. Mchague anayejibu swali bila kumdhalilisha anayeuliza, maana ukiaibishwa mara mbili hutauliza ya tatu, na ya tatu ndiyo huleta madhara.

Njia hii ina mpaka. Kama unajua cha kufanya ila mko wawili kwa wagonjwa 60, usijilaumu kwa kutokujua. Huo ni upungufu wa watumishi, na ustadi wako hauwezi kuuziba. Jaza fomu ya taarifa ya tukio kila huduma inaposhindikana kwa sababu ya idadi.

Likizo

Sheria inakupa siku 28 za mwaka zenye malipo, ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita bado hajastahili. Hapo ndipo muuguzi mpya anapobanwa, kwani miezi hiyo sita inaweza kuwa ndiyo migumu kuliko yote. Kilichobaki ni siku za ofu zilizounganishwa kwa kubadilishana na wenzako, au mapumziko ya ugonjwa kwa cheti cha daktari ikiwa unaugua kweli, ingawa kabla ya miezi sita sheria haimlazimishi mwajiri kuyalipia. Ukishapita miezi sita, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu.

Usiitegemee kupita uwezo wake. Uchunguzi uliochapishwa 1997 ulifuatilia makarani 76 kabla na baada ya likizo. Uchovu ulishuka wakiwa mapumzikoni, na wiki tatu baada ya kurudi ulikuwa umefika palepale. Kwa sababu hiyo, siku 28 zikigawanywa mara mbili zinamfaa zaidi mwenye uchovu wa kuendelea, mwajiri akikubali. Wiki nne kwa pamoja zinamfaa aliyefiwa au anayepona. Na rosta ya kurudia iombwe kabla hujaondoka.

Kuhama wodi

Miezi mitatu ya kwanza, wodi yoyote itakufanya ujione hufai. Ukihama mwezi wa pili unaanza upya kutojua vitu vilipo, na majina mapya ya watu wa kuogopa. Subiri hadi uweze kusema ni nini hasa kinachokuumiza.

Leba ina saa za utulivu zinazokatika ghafla, roho mbili kwa wakati mmoja, na uamuzi wa dakika. Wodi ya watoto ina vifo vinavyokwenda nyumbani na wewe, hasa kama una mtoto wa umri huo. Dharura ina kelele, ulevi, ndugu wenye hasira na matusi. Lakini mgonjwa anaondoka, humzoei. Wodi ya wagonjwa mahututi ina wagonjwa wachache, kazi ina mpangilio, mashine zinatisha mwezi wa kwanza kisha zinazoeleka, ila utawauguza kwa wiki nzima watu ambao hawatapona. Wodi ya upasuaji ina mzigo mzito wa mwili, na furaha ya kuwaona watu wanapona. Kliniki ya mama na mtoto na ile ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU kwa kawaida hazina usiku, foleni ni ndefu, mazungumzo ni mengi. Humfaa aliyeharibiwa na usiku, si aliyechoshwa na watu.

Kuhama ni jibu sahihi kwa mambo mawili: vifo vya aina moja visivyokutoka kichwani, na unyanyasaji unaoendelea baada ya kuuripoti kwa maandishi. Hapo usingoje mwaka. Ombi liwe barua moja, ukurasa mmoja, kwa matroni kupitia incharge, ikitaja wodi mbili unazoweza kwenda.

Mshauri au daktari

Muuguzi anaweza kuikwepa njia hii kwa kuogopa kwamba faili lake litasomwa na wenzake. Hofu hiyo ina msingi, na ina jibu: tafuta huduma kwenye kituo kingine, si unapofanyia kazi. Hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kuwa na kitengo cha afya ya akili. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanayo idara, na Mirembe, Dodoma, ni hospitali nzima ya kazi hiyo. Kiongozi wa dini au shangazi anayesikiliza ni msaada mkubwa kwa huzuni na upweke. Kwa sonona, au picha za tukio zinazorudi usiku baada ya mwezi mmoja, msaada huo uende pamoja na mtaalamu, usichukue nafasi yake.

Baada ya kifo kibaya wodini, mazungumzo mafupi ya kujifunza yanafaa. Kumlazimisha kila mtu asimulie alivyojisikia, siku hiyohiyo, hakufai. Tafiti hazikuonyesha kwamba kunazuia madhara ya baadaye. Anayetaka kukaa kimya na kunywa chai aachwe, na aulizwe tena baada ya siku chache.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kujitibu. Muuguzi anajua dawa na anazifikia. Diazepamu ya kulalia mchana hukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima, hivyo unaingia zamu inayofuata ukiwa bado umelewa, na baada ya wiki chache za kila siku mwili unaidai. Tramado, dawa ya maumivu, ukiitumia kwa mgongo inateka vilevile. Pombe hukupa usingizi wa haraka unaokatika baada ya saa tatu. Ukijikuta unahitaji kimojawapo ili ulale au ili uingie kazini, mwambie daktari wiki hii.

Na kama mawazo ya kujiua yamekuja, mwambie mtu mmoja leo, kaa naye, mwende pamoja kitengo cha dharura cha karibu. Usirudi zamu, usibaki peke yako na funguo za kabati la dawa.

Kuacha

Kuna mahali ambapo kuacha ni uamuzi wa afya: unanyimwa ofu miezi mfululizo, mshahara haufiki, unaamriwa kuandika huduma isiyofanyika. Lakini namna ya kuondoka ina uzito kuliko kuondoka kwenyewe. Mtarajali (aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye mafunzo ya kazini) mwenye shahada anahitaji mwaka mzima wa mafunzo tarajali ili akamilishe usajili wake, kwa hiyo azungumze kwanza na mratibu wa watarajali kuhusu kuhamishiwa hospitali nyingine. Mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, au 7 akiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza. Kutoroka tu, kwa kuzima simu, humfanya mwajiri akuhesabu mtoro, na barua hiyo itakutangulia uendako. Toa notisi, kabidhi wagonjwa na vifaa kwa maandishi, omba cheti cha utumishi, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iendelee kuhuishwa hata ukikaa nyumbani miezi sita ukijiuguza.